Anayekuambia uache dawa, aandike jina lake

Daftari la kliniki la shangazi yangu ni daftari la shule, la kurasa 40, limevalishwa gazeti ili lisichakae. Ukurasa wa kwanza una presha 190 kwa 110. Mwezi uliofuata ni 160 kwa 95. Halafu 145 kwa 90. Halafu, kurasa nyingi mbele, 136 kwa 84, na kando ya namba hiyo nesi ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja: safi. Kutoka hapo kurasa ni tupu. Miezi saba haina hata nukta. Mwandiko unaorejea baada ya hapo ni wa mtu mwingine, wa haraka, wa usiku: kiharusi, upande wa kulia, haongei.

Ninaandika juu ya ile miezi saba, na ninaandika kwa hasira. Nimekaa nayo kimya muda mrefu nikiambiwa ni kudra. Kudra naijua, na Mungu namwogopa. Lakini miezi saba ya kurasa tupu ina watu ndani yake, na watu hao wana midomo waliyosemea.

Shangazi hakuacha dawa kwa uzembe. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri kufuata maji, anayepalilia alizeti kwa jembe la mkono mpaka jua la utosi, huyo si mzembe. Aliacha kwa sababu aliambiwa aache. Siku ya mnada alikuja mtu na gari lenye spika juu, akatandika turubai, akapanga chupa za plastiki za maji zilizokwisha kutumika, ndani yake maji ya rangi kama chai kavu. Akashika kipaza sauti: "Mama, vidonge vya presha unameza mwaka wa ngapi huu? Umepona? Kama hujapona, hiyo ni dawa au ni mtaji wa watu?" Watu wakacheka. Shangazi hakucheka, alikuwa anahesabu. Mwaka wa tatu. Hajapona. Akanunua chupa mbili, na jioni ile ile akavifunga vidonge vyake kwenye pindo la kanga kuukuu na kuvisukuma chini ya godoro. Nilivikuta mimi, wiki ya kwanza ya kumuuguza, nilipokuwa nageuza godoro: karatasi tatu nzima za vidonge kumi kumi, na ya nne imebaki na vinne.

Nilikwenda kumtafuta yule bwana. Mahali pake palikuwa na muuza mitumba. Alishahamia mnada mwingine.

Swali alilomuuliza shangazi linaua kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli kabisa kwamba kidonge cha presha hakiponyi. Hakuna aliyekaa na shangazi akamwambia hivyo siku ya kwanza, kwa hiyo ukweli huo ulimfikia kutoka kwenye spika ya mwongo, ukiwa umefungwa pamoja na uongo. Angeambiwa mapema, asingetikisika. Na hakuna watu duniani ambao ni rahisi kuelezwa jambo hili kama sisi wa Kondoa.

Muulize mzee yeyote wa Kolo, Haubi au Bereko habari za HADO. Ardhi yetu ilikuwa imekwisha. Makorongo yalimeza mashamba, mvua ikinyesha milimani maji yanashuka mekundu na kubeba udongo mpaka mchanga unafukia mabonde. Mwaka 1973 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yakachimbwa makinga maji, ikapandwa miti, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyochakaa, jambo lililowauma watu mpaka leo wanalisimulia kwa uchungu. Majani yakarudi. Sasa niambieni, mvua iliacha kunyesha? Mlima ulilala tambarare? Maji ni yale yale na mteremko ni ule ule, kilichobadilika ni kwamba kuna kitu kimeyashika. Hakuna Mrangi wa huku kwetu mwenye akili timamu anayeweza kusimama shambani kwake, akaona mwaka wa tatu hakuna korongo jipya, akasema basi, korongo limepona, nafukia kinga maji. Presha ndiyo mvua hiyo. Kidonge ndicho kinga maji. Ile 136 kwa 84 iliyoandikiwa "safi" ilikuwa kazi ya kidonge, na shangazi aliisoma kama cheti cha kumaliza shule.

Lingine ni kwamba presha haina kelele. Mtu anatembea na 180 kichwani analima, anacheka, anacheza ngoma ya harusi mpaka usiku wa manane. Anapoacha dawa, wiki ya kwanza hajisikii vibaya. Mara nyingine anajisikia vizuri zaidi, maana ile miguu iliyokuwa inavimba inanywea, kile kikohozi kikavu kinakoma, safari za chooni usiku zinapungua. Mwili wenyewe unatoa ushahidi wa uongo upande wa muuza chupa. Mwaka 1996 na 1997 watafiti walipima watu mtaani Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari wilayani Hai. Kati ya waliokutwa na presha ya juu, hawakufika hata watu 20 katika kila 100 waliokuwa wanajua kwamba wanayo. Waliokuwa kwenye matibabu ni kama 10. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa kweli hawakufika hata mmoja katika 100. Shangazi yangu aliwahi kuwa ndani ya hilo kundi dogo. Miezi ile alikuwa mtu adimu katika nchi hii, akang'olewa humo kwa kipaza sauti.

Tena si mara ya kwanza nchi yetu kung'olewa watu hivyo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, alisema ameoteshwa na Mungu mti wa mugariga: mizizi ichemshwe, mgonjwa anywe kikombe kimoja kwa shilingi 500, na ukimwi, kisukari, presha, pumu na saratani vimtoke. Barabara yetu ya kwenda Babati na Arusha ilikuwa bado ya vumbi. Nakumbuka magari yakipita usiku na mchana, wagonjwa wamelazwa kwenye viti vya nyuma, miguu yao inaonekana dirishani. Wapo waliotolewa wodini wakapakiwa. Mawaziri na wabunge walikunywa na picha zao zikatoka magazetini, na mwananchi akaona waziri anakunywa, yeye ni nani asinywe? Mwisho wa Machi mwaka ule vyombo vya habari vilishataja watu zaidi ya 50 waliofia kwenye foleni. Hao walihesabiwa kwa sababu walifia mahali penye macho.

Waliofia nyumbani baadaye hawakuhesabiwa na mtu. Aliyerudi kutoka Samunge akatupa ARV zake shimo la choo, virusi havikuhitaji mwaka kumrudia. Wiki chache zinatosha vikaanza kuzaliana upya. Wa sindano za sukari hakuwa na hata hizo wiki, maana mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini ni siku tu, damu yake inageuka tindikali, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, anatapika, anapotea. Mzee Mwasapile alifariki Julai 2021, na mimi simsemi marehemu vibaya. Ninachokiuliza ni hiki: baada ya kikombe, nani aliyewapima? Maelfu kwa maelfu walikunywa. Je, kulikuwa na daftari la kumfuata kila mmoja nyumbani mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita, sukari ngapi, presha ngapi? Kikombe kilikuwa na mnyweshaji. Hakikuwa na mfuatiliaji.

Sasa msomaji mmoja wa upande wa pili ataniambia, kumbe wewe unataka watu wameze vidonge mpaka kaburini. Hapana. Hapa ndipo ninapotofautiana hata na baadhi ya madaktari wetu, ambao ukitaja tu neno kuacha, wanakukaripia kama mtoto aliyeshika wembe. Mtu ana haki ya kuuliza, "Hii nitaiacha lini?" Ni swali la heshima na lina majibu. Mwili ni wake. Na majibu hayafanani kwa dawa zote, ndiyo maana neno "acha dawa" likirushwa mnadani kwa watu mia moja kwa mpigo ni sawa na kurusha mawe gizani.

Huko Uingereza, Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow walitangaza mwaka 2017 matokeo ya jaribio lao. Walichukua watu wanene wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita, wasiotumia insulini. Waliachishwa vidonge vya sukari na vya presha siku ya kwanza, wakapewa mlo mdogo sana, kama kalori 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao sukari ilikuwa imetulia bila dawa. Karibu nusu! Hiyo ni habari njema na nataka ifike mpaka Busi na Thawi. Lakini isomeni yote. Walipimwa mara kwa mara, na ambaye sukari au presha yake ilipanda alirudishiwa dawa. Na nusu nyingine haikufaulu, ila haikufa, kwa sababu kulikuwa na mtu anayetazama. Huko ndiko kuacha dawa. Alichofanyiwa shangazi yangu kilikuwa kutelekezwa.

Nenda kwa mwenye pumu au baridi yabisi aliyemeza predinisoloni miezi mingi. Mwilini tuna tezi juu ya figo zinazotengeneza homoni ya kutubeba siku ya ugonjwa na misukosuko. Ukiletewa homoni hiyo kwa kidonge kila siku, tezi zinalala. Siku ukikatisha ghafla, zinakuwa bado usingizini: unalegea, unatapika, presha inaporomoka, na unaweza kufa kwa homa ambayo jirani yako angeitibu kwa uji wa uwele na kulala. Dawa hiyo inaachwa, ndiyo, ila kwa kupunguzwa kidogo kidogo ili tezi ziamke. Atenololi na propranololi nazo, kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, ukizikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio na kifua kukabwa, hata mshtuko wa moyo ukaja. Amlodipini haina makeke hayo, inatoka taratibu na presha inapanda nyuma yake kama mchwa. Huyu mwenye spika anazijua tofauti hizi? Alimuuliza shangazi anameza kidonge gani? Hakumuuliza hata jina.

Kifafa ndicho kinachoniliza zaidi. Mtoto akikaa miaka kadhaa hajaanguka, daktari anaweza kufikiria kumwachisha, kwa kupunguza dozi pole pole kwa miezi. Ukimkatisha fenobabitoni kwa siku moja, unaweza kuita degedege lisilokatika, linalofuatana moja baada ya jingine mpaka pumzi inakwisha. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, mahali ambapo wagonjwa walikuwa wanaogopwa hata mate yao. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Mtanzania, Rwiza, walichapisha habari za wagonjwa 164 wa kliniki hiyo miaka 30 baadaye. Theluthi mbili walikuwa wamekufa, wengi kwa kifafa chenyewe: degedege lisilokoma, kuzama majini, kuungua motoni. Mafiga yetu ya Kondoa ni yale yale ya Mahenge. Kila kijiji ninachokijua kina mtu mwenye kovu la moto usoni au mkononi, na watu wanapita wakisema ana mapepo. Mapepo hayaunguzi. Aliungua kwa sababu siku ile hakuwa na kidonge, au alikuwa nacho na kuna mtu alimwambia akitupe.

Nimesema nina hasira, na sitaimaliza yote mnadani. Kuna sehemu ya hospitali.

Mgonjwa anatoka bondeni kwa bodaboda, nauli ya kwenda na kurudi ni thamani ya debe la mahindi msimu wa mavuno. Anafika saa moja asubuhi, anaonwa saa saba. Anapimwa. Anaulizwa, "Dawa unameza?" Anajibu, "Nameza." Anaandikiwa zile zile, anatoka. Dakika tatu. Hakuna aliyemuuliza, "Dawa hizi zinakukera nini?" Nawafahamu wanaume watatu, mmoja ni wa ukoo wetu, walioacha dawa za presha kwa sababu walihisi nguvu za kiume zimepungua. Hawakumwambia daktari. Wangemwambia vipi, daktari mwenyewe ni binti wa umri wa mjukuu wao, mlango uko wazi, na foleni imesimama inasikiliza? Walikwenda kumwambia muuza mizizi, kwa sababu huyo aliuliza. Dawa za presha ziko za namna nyingi. Inayoleta kikohozi ina mbadala, inayovimbisha miguu ina mbadala, na hata hilo la wanaume lina mazungumzo yake. Swali moja, mlango umefungwa, lingewabakiza kliniki wote watatu. Wawili wamekwisha kuzikwa.

Halafu dawa zenyewe. Unaambiwa kliniki ni kila mwezi, usikose hata siku moja, ukikosa unafokewa. Unakwenda, dawa hakuna, kanunue duka la dawa. Huna pesa mpaka uuze kuku. Kuku anauzwa wiki ijayo. Mfumo umekuachisha dawa kwa wiki nzima, na tarehe ikifika utaulizwa kwa ukali kwa nini presha imepanda. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Bure ya nini, kama kinachotolewa bure ni maneno na kidonge kinauzwa ng'ambo ya barabara? Serikali isimwambie mzee asiache dawa wakati rafu yenyewe imemwacha. Nasema haya nikiwajua manesi wanaofanya kazi ya watu watatu, wengine wanalipia dawa ya mgonjwa kwa pesa ya mfukoni. Hao wakisoma hapa watajua siwagombezi wao.

Na nyumba zetu zina lao. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, Kondoa nzima inajiandaa, na kuna wazee wetu wa sukari na presha wanaoamua peke yao, kimya kimya, kwamba mwezi mzima hawamezi. Au wanameza vyote kwa mpigo wakati wa futari, vya asubuhi na vya jioni pamoja. Wengine wanajidunga insulini ile ile ya siku za kula huku tumbo ni tupu mpaka magharibi, sukari inashuka, wanaanguka msikitini, na tunasema amezidiwa na njaa. Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, zimempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Ruhusa ile imetoka kwa Mwenyezi Mungu, wala si kwa serikali. Na ambaye daktari wake ameona anaweza kufunga, dozi zake huwekwa upya zifuate futari na daku, jambo linalotaka kupangwa mwezi mzima kabla, siyo usiku wa kuandama mwezi. Masheikh wetu, nawaomba kwa heshima zote, Ijumaa moja ya Shaabani simameni mimbarini kwa ajili ya hili. Watu watawasikia ninyi kabla ya kumsikia mtu wa wizara.

Wachungaji na mitume wa siku hizi wanaoita wagonjwa mbele, wakawaambia warushe vidonge jukwaani kama ushahidi wa imani, hao siwaombi. Nawaambia: mnajua mnachofanya. Mkiumwa ninyi, magari yenu yanajulikana yanapoegeshwa.

Ila naomba asitokee mtu akasema ninawatukana waganga wetu wa asili. Mimi ni mtu wa Kondoa. Kule Kolo, pale Mongomi, kwenye mapango yenye michoro ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu wetu bado wanapeleka sadaka kuomba mvua na afya, na mimi sijawahi kupita pale nikapiga kelele. Namfahamu mganga mmoja mzee ambaye kabla hajagusa mfuko wake anauliza: hospitali ulikwenda? Unatumia nini? Basi endelea nazo, mimi nitakusaidia na haya mengine. Nyumba yake inajulikana, wanawe wanajulikana, mgonjwa akizidiwa usiku anagongewa mlango na anatoka. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, tuna Baraza lake la kusajili waganga. Mganga yule hana sababu ya kuliogopa Baraza. Mwenye spika ndiye mwenye sababu.

Tena tazameni mnada wenyewe. Ng'ombe hapakiwi kwenye lori bila kibali. Nyama ya mbuzi haipandi kwenye ndoano bila kukaguliwa na kupigwa mhuri, na tunafanya vizuri, maana nyama mbaya inaua. Kila turubai linatozwa ushuru, kila meza ina risiti. Katikati ya mihuri hiyo yote anasimama mtu anawaambia wagonjwa mia waache dawa, na hakuna anayemuuliza mhuri wake uko wapi. Tumeilinda nyama kuliko tulivyomlinda anayeila.

Shangazi anaishi. Maneno yamerudi machache: jina langu, maji, hapana. Anaanza mazoezi ya kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, mlenda unamwagika kwenye kanga na anakataa kulishwa. Kidonge anapewa na mjukuu wake wa darasa la nne kila jioni baada ya swala ya magharibi, na mtoto huyo, bila kufundishwa na mtu, anachora mstari mmoja wa mkaa ukutani kwa kila kidonge kilichomezwa. Mistari imefika karibu na dirisha. Mwezi uliopita tulipompeleka kliniki alikuwa na 134 kwa 82. Daktari, kijana mgeni, alifunga mlango, akavuta kiti mpaka magoti yakakaribia kugusana, akamuuliza kama kuna kitu kinamsumbua kwenye dawa. Shangazi akanyoosha kidole kwenye miguu. Daktari akaitazama, akaibonyeza, akabadilisha kidonge kimoja. Dakika nane, nilihesabu kwa saa ya ukutani.

Daftari lile limebaki kurasa chache. Zile za katikati, tupu, sikuziacha hivyo. Ukurasa mmoja nimeupiga mistari kwa rula, nikaandika juu yake vichwa vya habari: tarehe, jina kamili, kijiji na kitongoji, namba ya simu, dawa unayotaka mgonjwa aiache, siku utakazokuja kumpima, na mahali pa kukugongea usiku akianguka. Pana nafasi ya sahihi, na pana nafasi ya dole gumba kwa asiyejua kuandika. Mnada ujao nitakuwepo tangu turubai la kwanza linapotandikwa, na nitasimama mbele ya spika na daftari hili limefunguliwa kwenye ukurasa huo.